Sungura wa Nyama: Tumbo Lililojaa Si Tumbo Lililoshiba

Katika hadithi zinazosimuliwa jikoni wakati wa jioni, sungura hakosi chakula. Humlaghai fisi, humkimbia simba, huingia shambani mwa watu usiku na kutoka ameshiba. Huyo ni sungura wa porini, ambaye hana bwana ila miguu yake. Sungura wa bandani ni mwingine kabisa. Asili ya ukoo wake ni nchi za kusini-magharibi ya Ulaya, hasa Hispania, na tangu alipofungiwa ndani ya waya na mbao hana hila tena. Hali akitakacho, bali hula apewacho. Akipewa chakula kibaya, hawezi kuruka ua kwenda kutafuta kizuri. Kwa hiyo ile akili yote ambayo hadithi humpa sungura yapasa sasa iwe kichwani mwa mfugaji.

Neno hili lawahusu hasa watu wa Lurambi, katika Kaunti ya Kakamega. Toka Butsotso hadi Shirere, na hata nyuma ya nyumba za makarani na walimu mjini Kakamega, banda la sungura si jambo geni. Mashamba yamegawanywa kwa warithi hata yamekuwa madogo. Ng'ombe mmoja huhitaji majani mengi, lakini majike watatu wa sungura huenea katika banda lililo pembeni mwa ua. Tena mvua ni nyingi, na majani hayakomi karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu wengi husema, "Sungura hana gharama, kazi ni kukata majani tu." Na hapo ndipo kosa linapoanza.

Mwisho wa maneno hayo huonekana bandani. Jike huzaa watoto wanane; baada ya juma moja wamebaki sita, na baada ya majuma matatu wamebaki watatu, nao wana matumbo makubwa na migongo myembamba. Hao waliosalia huchukua miezi sita au saba kabla ya kufaa kuuzwa kwa nyama. Jirani mmoja husema ni jicho baya, mwingine husema ni mbegu mbaya, na mwenye banda huenda kununua dume jipya la New Zealand au la California kwa bei kubwa. Dume huja, watoto huzaliwa, nao hufa vilevile. Kumbe mbegu haikuwa na hatia. Mama yao alikuwa na tumbo lililojaa majani na maji, huku mwili wake ukikosa mambo mawili: chakula cha kujenga mwili, yaani protini, na madini.

HESABU YA MAZIWA

Ili jambo hili lieleweke, yafaa mfugaji aanze na maziwa. Katika sehemu 100 za maziwa ya ng'ombe, sehemu tatu na kitu ni protini. Katika maziwa ya sungura, protini ni sehemu 12 hivi au zaidi. Kwa sababu hiyo kitoto kinachozaliwa uchi, chenye uzito wa gramu 50 au 60, huongeza uzito wake mara mbili kwa muda wa juma moja hivi, ijapokuwa mama yake hukinyonyesha mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache.

Jike mkubwa mwenye watoto saba au wanane hutoa maziwa ya gramu 200 hivi kwa siku ifikapo juma la tatu. Ndani yake mna protini ya gramu 25 hivi, ambayo haina budi kutoka mahali fulani. Basi na apimiwe majani mabichi ya viazi vitamu, chakula kinachosifiwa sana kwa sungura. Katika kilo nzima ya majani hayo, zaidi ya gramu 800 ni maji matupu. Protini iliyomo ni kama gramu 20 hadi 30, wala si yote inayoyeyushwa tumboni. Ili jike alipie maziwa yake na kuutunza mwili wake pia, ingempasa kula kilo mbili na zaidi kila siku, na tumbo lake halina nafasi hiyo.

Hapo jike hufanya kama mtu aliyekosa mshahara: hutoa akiba. Huvunja nyama ya mgongo wake, na hutoa madini ya mifupa yake, ili watoto wanywe. Akiba ikiisha, maziwa hupungua, na watoto hufa mmoja mmoja. Tena mama aliyekauka namna hiyo akipelekwa kwa dume mara nyingi hakubali, au hushika mimba na kuzaa wachache walio dhaifu. Hasara ya mwezi mmoja huingia katika mwezi wa pili na wa tatu.

KILA MMOJA NA HAKI YAKE

Wataalamu wa chakula cha wanyama wamekadiria protini impasayo kila sungura katika sehemu 100 za chakula chake kikavu. Dume, na jike asiye na mimba wala watoto, hutosheka na sehemu 12 au 13. Jike mwenye mimba ahitaji 15 au 16. Watoto walioachishwa ziwa na ambao bado wanakua wahitaji 16. Jike anayenyonyesha ahitaji 17 au 18, na tena hula zaidi ya mara mbili ya chakula cha siku zake za kupumzika.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuwagawia wote sawasawa, kopo moja moja, kama askari katika foleni. Usawa huo si haki. Dume hunenepa hata akawa mvivu wa kupanda, na hapo karibu jike mwenye watoto wanane hukonda. Haki ni kumpa kila mmoja kwa kadiri ya kazi aliyo nayo.

Kwa watoto wanaokuzwa kwa ajili ya nyama, hesabu ni rahisi, na karani yeyote aweza kuifanya. Mtoto aachishwapo ziwa akiwa na gramu 600, na akitakiwa kufika kilo 2, bado ana gramu 1,400 za kuongeza. Akiongeza gramu 10 kwa siku, kama ilivyo kwa wengi wanaokula majani peke yake, atahitaji siku 140. Akiongeza gramu 20 kwa siku, siku 70 zatosha. Mfugaji wa kwanza amemkatia majani, amemsafishia banda na kumlinda na magonjwa kwa muda wa siku 70 zaidi, naye atapata nyama ileile.

PROTINI IPATIKANE WAPI?

Chakula cha kiwandani cha peleti ni kizuri kikiwa kimetengenezwa kwa uaminifu, lakini bei yake humshinda mwenye kipato kidogo. Walakini protini haikufungiwa dukani peke yake.

Kwanza, yako majani yanayoshinda nyasi kwa mbali. Hayo ni majani ya viazi vitamu, ya kunde, ya mchicha, ya kaliandra, na ya desmodiamu, ile ambayo wakulima wengi wa magharibi ya Kenya huipanda kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza viwavi na kuzuia kiduha. Lukina nayo ina protini nyingi, lakini ina sumu inayomnyonyoa sungura manyoya akiila kwa wingi. Basi na itolewe kidogo tu, pamoja na majani mengine. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yasitolewe kabisa. Majani yote yafaa yakatwe mapema, yaanikwe kivulini hata yanyauke, ndipo yatolewe. Yakinyauka hupungukiwa na maji, na tumbo lilelile hupata chakula kingi zaidi.

Pili, chakula kikavu cha nyongeza chaweza kuchanganywa nyumbani. Mfano wake ni huu: pumba za mahindi kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 3, na soya kilo 1. Pumba zikiwa na protini sehemu 10 katika 100, mashudu sehemu 26 na soya sehemu 38, mchanganyiko wote huwa na sehemu 17 na nusu hivi. Soya isitolewe mbichi hata kidogo, kwa kuwa ina kitu kinachozuia protini isiyeyuke tumboni. Ichemshwe au ikaangwe kwanza, kisha ikaushwe na kusagwa. Maharagwe mabichi yana kasoro hiyohiyo.

Jike anayenyonyesha apewe mchanganyiko huo gramu 150 hadi 200 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, juu ya majani na nyasi zake. Watoto walioachishwa wapewe gramu 40 hadi 60 kila mmoja, wakiongezewa kadiri wanavyokua. Kwa dume, gramu 50 zatosha akiwa na majani mazuri. Kwa kipimo hicho kilo 10 zaweza kuwalisha majike wawili wanaonyonyesha karibu mwezi mzima.

Wako wanaochanganya pia omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na kweli protini yao ni nyingi sana. Lakini omena wauzwao kwa bei rahisi mara nyingi wamejaa mchanga, au wameoza. Wakitumiwa, wawe wasafi na wakavu, wasizidi sehemu moja katika 20, na waachwe majuma machache kabla ya kuchinja ili nyama isinuke samaki.

Neno moja zaidi lapasa kusemwa juu ya tumbo la sungura. Usiku au alfajiri sungura huinamisha kichwa na kuchukua kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma yake, akakimeza. Mfugaji mgeni akiona jambo hilo huchukizwa, akadhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Kinyesi hicho si zile punje ngumu za mchana. Kimetoka katika utumbo mpana ambamo vijidudu vyema vimetengeneza vitamini na protini kidogo. Lakini protini hiyo ni haba, haifanani na ile ambayo ng'ombe hutengenezewa katika tumbo lake kubwa. Kwa hiyo matofali ya kulamba ya ng'ombe yaliyotiwa urea yasipelekwe kwa sungura. Ng'ombe hufaidika nayo, sungura hudhurika.

CHUMVI, CHOKAA NA MIFUPA

Madini ni kitu kidogo kwa kipimo na kikubwa kwa kazi. La kwanza ni chumvi ya kawaida. Majani ya shambani yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni haba, na sodiamu ndiyo inayopatikana katika chumvi ya mezani. Gramu 50 za chumvi katika kilo 10 za chakula kikavu zatosha, yaani vijiko vya chai vinane vilivyosawazishwa.

Hapa iko hatari ya kudanganyika. Wako watu wanaowapa sungura musherekha, ule munyu wa kienyeji unaochujwa kutoka katika majivu, wakidhani ni chumvi ileile. Musherekha ni mzuri kwa kulainisha mboga chunguni, lakini chumvi yake kubwa ni ya potasiamu, kitu ambacho sungura alaye majani anacho tayari kwa wingi. Kumpa musherekha badala ya chumvi ni kumwongezea maji mtu aliyeomba mkate.

Madini ya pili ni kalsiamu, na ya tatu ni fosforasi. Haya mawili hujenga mifupa, na maziwa ya sungura huyabeba kwa wingi. Yafaa mfugaji akumbuke kanuni hii: pumba na mashudu yana fosforasi nyingi na kalsiamu haba, majani ya jamii ya kunde yana kalsiamu nyingi na fosforasi haba. Anayelisha vyote viwili amekwisha kupata nusu ya dawa. Anayelisha pumba kwa wingi na aongeze kalsiamu. Gramu 100 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, au za maganda ya mayai, katika kilo 10 za mchanganyiko uliotajwa zatosha. Maganda yachemshwe, yakaushwe na kusagwa yawe unga. Chokaa iliyochomwa, ile ya kujengea na kupakia kuta, isitumiwe kamwe, maana huunguza kinywa na tumbo.

Anayelisha majani karibu peke yake hana haja ya chokaa zaidi, bali ya fosforasi. Na udongo wa sehemu nyingi za magharibi ya Kenya ni mchachu na umepungukiwa na fosforasi. Kwake yeye unga wa mifupa ndio unaofaa, kwa kuwa una madini yote mawili. Mifupa ya jikoni ichomwe mpaka iwe myeupe kabisa na kuvunjika kwa vidole, kisha isagwe. Mfupa uliochomwa nusu waweza kubeba ugonjwa, na mfupa wa mnyama aliyekufa kwa maradhi yasiyojulikana usiguswe.

KUZIDISHA NI KUHARIBU

Mtu aliyesikia haya yote aweza kusema, "Basi nitaongeza kila kitu mara mbili, wakue upesi." Asifanye hivyo. Protini ikizidi na nyuzinyuzi zikipungua, vijidudu vya utumbo huchafuka, na watoto wachanga huharisha na kufa kwa siku mbili tatu. Tena protini iliyozidi hutoka katika mkojo. Mkojo huo ukioza chini ya banda hutoa hewa kali ya amonia inayowasha macho na pua, na kuwafungulia sungura njia ya mafua. Banda likimtoa mwenyewe machozi anapoinama, na ajue kuwa sungura wanaishi katika hewa hiyo mchana na usiku. Kwa hiyo nyasi kavu zisikosekane kamwe bandani, hata kama chakula kizuri kipo.

Kalsiamu nayo ina tabia ya pekee kwa sungura. Mwili wa wanyama wengine hukataa kalsiamu iliyozidi tangu utumboni. Mwili wa sungura huipokea karibu kadiri inavyokuja, kisha figo huitoa katika mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huweza kuwa mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Mkojo huo peke yake si ugonjwa, lakini dume mzee alishwaye chokaa siku zote asiyoihitaji aweza kupata vijiwe na kuharibika figo. Anayenyonyesha huipitisha kalsiamu katika maziwa. Dume hana pa kuipeleka.

Mambo mengine matatu yasisahauliwe. La kwanza ni maji. Jike mwenye watoto wakubwa aweza kunywa, yeye na watoto wake, lita moja na zaidi kwa siku. Jike aliyekosa maji hupungukiwa maziwa hata akilishwa vizuri, na kiu, pamoja na hofu na njaa, hutajwa miongoni mwa sababu za mama kula watoto wake. La pili ni ukungu. Katika nchi ya mvua kama Lurambi, pumba na mashudu huota ukungu upesi, na ukungu huo waweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haitoki kwa kuanikwa juani. Chakula chenye harufu ya uvundo kitupwe, ingawa kimenunuliwa kwa fedha. La tatu ni subira. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kikibadilishwa kwa siku moja, chakula chema chaweza kuua kama kibaya.

DAFTARI NA MIZANI

Mwenye shaka na afanye jaribio dogo kabla ya kubadilisha banda zima. Achague majike wawili wa umri mmoja wanaozaa karibu siku moja. Mmoja aendelee kama zamani; mwingine apewe mchanganyiko, chumvi na chokaa kwa kipimo. Watoto wahesabiwe siku ya kuzaliwa, siku ya 21 na siku ya kuachishwa, nao wapimwe kwa mizani. Namba zitasema kuliko maneno ya jirani. Chuo cha Kilimo cha Bukura, katika Butsotso, pamoja na maafisa wa mifugo wa kaunti, hawako mbali kwa mtu mwenye swali, na mtu ajaye na daftari lenye hesabu husaidiwa upesi kuliko ajaye na malalamiko.

Kazi ya kuandika daftari hilo yaweza kupewa mtoto wa nyumbani. Tangu vyama vya 4K vilipoanzishwa katika shule za Kenya mwaka 1962, watoto wengi wamejifunza ukulima kwa mikono yao wenyewe, na katika nyumba nyingi sungura ndiye mali ya kwanza ya mtoto. Yeye ndiye akataye majani baada ya masomo, na yeye ndiye aonaye kwanza, asubuhi kabla ya kwenda shule, kitoto kilichokufa baridi ndani ya kisanduku. Asipoelezwa sababu atajifunza kwamba kufuga ni bahati tu, na kwamba wengine wanayo na wengine hawana. Akielezwa, akapewa mizani na kijiko cha chumvi, atajifunza kwamba kila kifo kina chanzo chake, na kwamba vingi katika vyanzo hivyo huzuilika.

Tena nyama ya sungura ina protini sehemu 20 hivi katika 100, na mafuta yake si mengi. Protini inayoingia bandani kwa kipimo leo ndiyo itakayokuja mezani baada ya miezi mitatu au minne, mbele ya mtoto yuleyule aliyekata majani. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa mfugaji wa sungura, haba hiyo ni kijiko cha chumvi, gao la chokaa na konzi ya mashudu, vikitolewa kila siku kwa yule anayevihitaji.